Ingwe Iwekwe Kwenye Mizani

Leo vichekesho viko likizo. Nataka tubonge kuhusu maumivu ambayo wengi wetu tumeyarithi bila kuulizwa, vile mtu hurithi pua ya babu yake.

Maumivu yenyewe yanaitwa AFC Leopards.

Mimi nilizaliwa 2003. Mara ya mwisho Ingwe kubeba taji la ligi kuu ya Kenya ilikuwa 1998. Hesabu polepole. Kuna watu wazima hapa nchini, wana kitambulisho, wana kura, wengine wana watoto wawili na mkopo wa bodaboda, na hawajawahi kupumua hewa ya mwaka ambao Ingwe ni bingwa. Mimi ni mmoja wao. Watoto sina, lakini presha ninayo.

Kwa wasionijua, mimi ni wa Kikopey. Ukitoka Gilgil ukielekea Nakuru, mahali moshi wa nyama unaingia kwa matatu kabla hujaona hata moto, hapo ndipo kwetu. Anko wangu ana bucha na jiko la choma. Wikendi mahali panajaa watu wa kutoka Nairobi, Nakuru, Kisumu, Kakamega, wote wamesimama kula kabla ya kuendelea na safari. Skrini iko ukutani. Na kila mara nikivaa jezi ya Ingwe, lazima kuna mjanja mmoja atasema: "Hapa Kikopey tunachoma mbuzi, lakini naona chui ndiye anaungua kila wikendi."

Nimecheka hiyo stori mara ya kwanza. Mara ya pili nikacheka kidogo. Siku hizi nakula kachumbari nikinyamaza.

Sasa, watu wengi wakiandika kuhusu Ingwe huandika kwa hasira. Kocha afutwe. Mwenyekiti aende. Straika auzwe, hata kama hakuna wa kumnunua. Naielewa hiyo hasira, kwa sababu nimeiandika mimi mwenyewe saa sita usiku, herufi kubwa zote. Lakini nimefika mahali naona tumekuwa tukipiga kelele kwa mlango usio wetu. Leo nataka kuwaonyesha mlango.

Kwanza tukumbushane hii timu ni nani, maana wadogo zangu wa kidato cha pili wanafikiri Ingwe ni timu ya kufungwa tu.

Klabu ilianza 1964, enzi hizo ikiitwa Abaluhya. Mwaka 1980, wakati timu nyingi ziliamriwa kuacha majina ya kikabila, ikawa AFC Leopards. Ndiyo timu ya Joe Kadenge. Ukiwa na babu aliyekuwa akisikiliza redio ya miaka hiyo, mtajie tu "Kadenge na mpira" halafu utazame uso wake ukibadilika. Ndiyo timu ya Mahmoud Abbas langoni, ya Wilberforce Mulamba, ya J.J. Masiga ambaye alikuwa anafunga mabao na pia ni daktari wa meno. Ilibeba ubingwa wa vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mwaka 1979, halafu 1982, 1983 na 1984 mfululizo, halafu tena 1997. Mataji ya ligi ni zaidi ya kumi. Hii haikuwa timu ndogo iliyobahatisha. Huyu alikuwa mnyama.

Mzee wangu hupenda kusimulia 1998. Anasema siku ile hakulala, na mimi namwamini, kwa sababu ni stori anayoisimulia bila kuongeza chumvi. Hajui kuwa ile kukosa kuongeza chumvi ndiyo inaniuma zaidi. Mtu huongeza chumvi kwa jambo ambalo anatarajia litajirudia. Hili analihifadhi kama picha ya marehemu.

Sasa angalia nani wamebeba ligi tangu hapo. Usikimbie, soma.

Oserian walibeba 2001 na 2002. Oserian, wasee! Timu ya shamba la maua Naivasha. Watu wanaokata waridi asubuhi wakawa mabingwa wa Kenya mara mbili. Ulinzi Stars, timu ya wanajeshi ambayo kwa miaka mingi imekuwa ya hapa Nakuru, walibeba 2003, 2004, 2005 na tena 2010. Sony Sugar, timu ya kiwanda cha sukari, 2006. Mathare United, timu iliyotoka kwa mradi wa vijana wa mtaa wa Mathare, 2008. Sofapaka walipanda daraja na kubeba taji msimu ule ule wa kwanza, 2009. Tusker wamebeba mara kadhaa hadi tumezoea. Na msimu wa 2024/25, Kenya Police wakachukua taji lao la kwanza kabisa.

Yaani barabara yangu tu, kati ya Naivasha na Nakuru, ina mataji sita ambayo yamepita Ingwe ikitazama. Na hata Nakuru AllStars, ambao mdogo wangu anadhani ni bendi, walikuwa mabingwa wa Kenya 1963 na 1969.

Sitaki mtu aniambie eti shida ni pesa na kufunga kitabu hapo. Mathare United haikuwa na pesa kuliko Ingwe. Sitaki pia mtu aniambie shida ni mashabiki kupotea. Hakuna timu kwenye hiyo orodha yangu ilikuwa na mashabiki hata nusu ya wetu. Shamba la maua halina isukuti. Jeshi halina wazee wa kutoka Butere na Kakamega wanaopanda basi usiku kucha kuja kuona mechi ya sare tasa.

Walichokuwa nacho ni kitu kimoja cha kuchosha: mtu alijua pesa inatoka wapi, inaenda wapi, na mshahara unaingia lini. Basi. Hakuna mchawi.

Sasa turudi kwetu. Kati ya 2016 na 2021 pekee, kwenye benchi ya Ingwe walipita Stewart Hall Mwingereza, Ivan Minnaert Mbelgiji, Rodolfo Zapata wa Argentina, Marko Vasiljevic wa Serbia, Casa Mbungo wa Rwanda, Tomas Trucha wa Cheki ambaye alikaa kipindi kifupi akaondoka, halafu Patrick Aussems, Mbelgiji mwingine aliyekuwa amewahi kuipa Simba ya Tanzania ubingwa. Na hapo sijahesabu makocha wetu wa nyumbani walioshikilia katikati. Ukiweka hao watu kwenye matatu moja ya kutoka Nakuru, kanga ataanza kukataa abiria.

Kila mmoja alipokuja tulishangilia. Kila mmoja alipoanza kufungwa tulisema aende. Na kila mmoja alipoenda, tulidhani tumetatua kitu.

Hapa ndipo nataka tuangalie vizuri, kwa sababu kumfuta kocha kuna bei na bei hiyo hatuiongelei.

Mwaka 2019 SportPesa waliondoa udhamini wao kwenye michezo ya Kenya baada ya mvutano na serikali kuhusu kodi na leseni. Ingwe na Gor zote mbili zikaachwa bila mdhamini mkuu. Mishahara ikakwama. Kabla mwaka huo kuisha, Casa Mbungo akaondoka akidai malipo yake. Wachezaji wa kigeni nao wakaondoka wakidai. Sisi mtaani tukasema, "Waende, tutapata wengine." Tukasahau kwamba mkataba si mahari ya kijijini ambayo unaweza kulipa pole pole hadi mjukuu amalizie.

Mchezaji au kocha wa kigeni asipolipwa, anapeleka kesi FIFA. FIFA ikisema ana haki, klabu inapewa siku 45 kulipa. Zikipita bila kulipa, klabu inaweza kufungiwa kusajili wachezaji, hadi madirisha matatu mfululizo ya usajili, au hadi ilipe deni. Na ndivyo ilivyokuwa. Ingwe ikafungiwa. Ukawa wakati wa kuchezesha vijana, si kwa sababu kuna mtu aliyepanga kukuza vijana, ila kwa sababu hakukuwa na ruhusa ya kununua mtu mwingine.

Kwa hivyo ule msimu uliokuwa unalaani straika kwamba hajui kufunga, kumbuka hiyo mechi ilishapotezwa miaka miwili nyuma, kwenye meza, na mtu aliyesaini mkataba bila kujua mshahara wa mwezi wa nne utatoka wapi. Straika alikuja tu kuonekana kwa kamera.

Sasa nikupeleke kwa bucha ya anko.

Kikopey ina siri moja, na si moto wala chumvi. Ni mizani. Mteja anaingia, anaangalia mbuzi aliyening'inia, anasema, "Nikatie hapo kwa paja." Anko anakata. Anaweka kwa mizani. Hapo kila mtu ananyamaza. Mteja anaangalia mshale, anko anaangalia mshale. Kilo na robo. Bei inatajwa. Mteja akikubali, nyama inaenda motoni. Baadaye inarudi kwa ubao, inakatwa mbele yake.

Nilimuuliza anko siku moja, mbona usikate tu na kukadiria, uko na macho ya miaka ishirini, unajua kilo ikoje. Akaniambia: "Mteja hajui macho yangu. Anajua mizani." Kisha akaendelea kufuta kisu.

Fikiria Kikopey bila mizani. Fikiria unalipa kwanza, nyama inakatwa nyuma ya ukuta, halafu inakuja mfupa na mafuta, na ukiuliza unaambiwa, "Ndugu, sisi tunaipenda hii bucha kuliko wewe. Kuwa na subira. Mwaka ujao itakuja nyama tamu." Ungerudi mara ngapi? Mara moja, labda, kama ulikuwa na njaa sana. Sisi mashabiki wa Ingwe tumerudi tangu 1998.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Hasira yetu ni halali, lakini tumekuwa tukilalamikia nyama kuwa mbichi bila kuuliza mizani iko wapi.

Klabu ya mpira ina vyanzo vichache vya pesa. Getini. Udhamini. Ada za wanachama. Jezi. Mauzo ya wachezaji. Michango ya watu wenye roho nzuri, ambayo hatuwezi kujenga juu yake kwa sababu roho nzuri hubadilika. Na pesa inaenda mahali kuchache pia: mishahara, usafiri na malazi, kukodi uwanja, usalama siku ya mechi, faini, matibabu, madeni ya zamani. Hii si sayansi ya roketi. Inaingia kwenye karatasi moja. Chama cha akina mama cha mtaani, kile cha kuchangishana kila Jumapili, kina daftari ambalo kila mtu anaweza kusoma. Ukikosea shilingi hamsini, Jumapili ijayo haufiki mlangoni.

Kwa hivyo napendekeza hivi: klabu kubwa yenye mashabiki kutoka Busia hadi Mombasa iwe na daftari la wazi kuliko lile la akina mama. Kila miezi mitatu. Kwa Kiswahili. Kwa simu yangu. Si lazima nisafiri hadi mkutano Nairobi ili nisikie namba zikisomwa haraka haraka huku watu wakigombania kipaza sauti.

Najua mtu atasema, "Wewe bado mdogo, timu zote kubwa huwa na ukame." Ni kweli, na mfano ninao. Kuna timu ya hoki ya barafu huko Kanada, Toronto Maple Leafs. Mara ya mwisho kubeba Stanley Cup, ambalo ndilo kombe lao kubwa, ilikuwa 1967. Kila mwaka mashabiki wanalia, na kila mwaka uwanja unajaa, tena tiketi zao ni ghali. Niliposoma hayo nilihisi nimepata ndugu zangu waliopotea. Nikataka hata kuwatumia pole na kilo mbili za mbavu.

Lakini kuna tofauti moja, na hiyo tofauti ndiyo ilinifanya niandike hii posti. Maple Leafs ni mali ya kampuni. Shabiki wa Toronto hata akilia damu, hana kura. Anachoweza kufanya ni kukataa kununua tiketi, na hata akikataa kuna mwingine nyuma yake kwenye foleni.

Sisi tuna kura. AFC Leopards si ya bwanyenye fulani. Ni klabu ya wanachama. Wanachama ndio huchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mwaka 2025 wanachama walimchagua Boniface Ambani, mshambuliaji wa zamani, kuwa mwenyekiti, akichukua kiti kutoka kwa Dan Shikanda, ambaye naye alikuwa mchezaji na ni daktari. Kumbe basi watu waliokuwa kwenye kile chumba wakipiga kura walikuwa wanaamua mustakabali wa timu ya mzee wangu, na ya kwangu.

Swali langu kwako, wewe unayeandika "menejimenti iende" kila Jumapili jioni: ulikuwa kwenye kile chumba?

Mimi sikuwa. Najisuta hadharani. Niliyajua matokeo kwa simu, nikiwa nageuza nyama ya mteja. Nimeshabikia Ingwe maisha yangu yote na siku ya kuamua nilikuwa mtazamaji. Mwanachama wa klabu ya watu laki nyingi wa mdomo, na kadi hatuna.

Na hapo ndipo uongozi wowote, mzuri au mbaya, unapata usingizi. Shabiki asiye mwanachama ni kama mtu anayepigia refa kelele akiwa mbele ya skrini Kikopey. Refa hasikii. Anayesikia ni jirani yako kwenye meza, na yeye anataka tu umpitishie chumvi.

Kuna pingamizi tatu ambazo huwa napata. Nizijibu.

La kwanza: "Siwezi kulipa uanachama kama sijui pesa inaenda wapi." Sawa kabisa, na hiyo ndiyo sababu nasema mizani ije kwanza. Lakini angalia mtego uliopo. Uongozi unasema, "Lipeni, ndiyo tutakuwa na nguvu ya kufanya mambo vizuri." Shabiki anasema, "Fanyeni vizuri, ndiyo tulipe." Kila mtu anamngoja mwingine, na chui anazidi kukonda. Mtu mmoja lazima aanze, na mimi nasema aanze aliye na madaraka. Kuweka hesabu wazi hakugharimu chochote. Ni karatasi na ujasiri.

La pili: "Tupate mwekezaji, tuuze klabu, siasa ziishe." Naona watu wanataja Simba ya Dar es Salaam. Haya, tutaje vizuri basi. Wanachama wa Simba walikubali mfumo wa mwekezaji kuchukua asilimia 49, na wanachama kubaki na 51. Yaani hata huko ambako mnapasifu, wanachama hawakutoa ufunguo wa nyumba. Na kabla mwekezaji yeyote mwenye akili kuweka chapaa kwenye klabu, atauliza kitu gani cha kwanza? Hesabu za miaka iliyopita na orodha ya madeni. Tumerudi kwa mizani tena. Hakuna njia ya mkato inayopita nyuma ya bucha.

La tatu ndilo linauma: "Hata Gor wana matatizo hayo hayo na wanashinda." Mashemeji wetu, ndiyo. Lakini tusome historia yao yote, si mwisho tu. Gor walibeba ligi 1995, halafu wakakaa hadi 2013 bila taji. Miaka kumi na minane! Kuna wakati tuliwacheka sisi, mnakumbuka? Halafu wakaamka, na kufikia 2024 wakawa na mataji 21. Wao pia waliumia SportPesa walipoondoka, na wao pia wamekuwa na kesi za mishahara. Kwa hivyo sisemi Gor ni malaika. Nasema wametuonyesha ukame unaweza kuisha. Sasa nataka tuwapite kwa kitu ambacho hata wao hawajakimaliza: klabu ya wanachama inayojulikana kwa daftari lake. Hebu wazia dabi ambayo tunawatania Gor, si kwa mabao tu, bali kwa sababu sisi tunajua bei ya basi letu na wao hawajui ya lao. Utani wa wakubwa huo.

Na kabla mtu hajasema nawaosha mashabiki, ngoja. Sisi pia tuna dhambi. Mechi ikienda vibaya tunarusha chupa, klabu inapigwa faini, halafu tunauliza mbona mishahara haijalipwa. Tunaruka ukuta kuokoa bei ya tiketi, halafu tunaandika "wachezaji wetu wana njaa." Kwenye CHAN ya Agosti 2025 tulijaza Kasarani, tukaifunga Morocco bao moja bila, nchi nzima ikalia kwa furaha, na bado CAF ikapunguza idadi ya mashabiki kwa sababu watu walivamia mageti. Kuruka ukuta ni kukata nyama nyuma ya bucha, tofauti ni kwamba kisu tumekishika sisi.

Kwa hivyo haya ndiyo maombi yangu. Kwa uongozi mpya wa Ingwe, kwa heshima zote, kutoka kwa kijana wa Kikopey ambaye hana nia mbaya:

Moja. Hesabu kila miezi mitatu, ukurasa mmoja, lugha ambayo mamangu anaweza kusoma. Iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki.

Mbili. Orodha ya madeni yote, ya zamani na mapya, na mpango wa kuyalipa. Hatutakufa tukijua ukubwa wa shimo. Tunakufa tukitumbukia gizani.

Tatu. Kanuni kwamba hakuna kocha wala mchezaji anayesainiwa kabla ya kuonyesha mshahara wake utatoka wapi kwa muda wote wa mkataba. Na bei ya kumfuta itajwe mapema.

Nne. Uanachama upatikane kwa simu, na kura ipigwe hata na sisi tulio mbali na Nairobi. Mtu wa Mumias, Kitale au Kikopey asilazimike kuchagua kati ya nauli na sauti yake.

Na kwetu sisi mashabiki, ombi moja tu, la tano: tukipewa mizani, tulipe. Tusije tukawa wale wateja wa kupima nyama, kuuliza bei, kupiga picha, na kuondoka.

Nimalize na jambo ambalo linanitia hofu kuliko kufungwa.

Ninaogopa kushinda.

Nisikize kwanza. Siku Ingwe itabeba ligi, na itabeba, tutalia barabarani. Mzee wangu atavaa ile jezi yake iliyopauka hadi rangi ya buluu imekuwa kama maji ya kuoshea rangi. Kikopey itapigwa isukuti hadi mbuzi walio hai waelewe. Na siku hiyo hakuna mtu atauliza mizani. Ukiuliza utaambiwa unaharibu sherehe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa 1998, nadhani. Kila mtu alikuwa na furaha sana hadi hakuna aliyefungua daftari, na tulipokuja kulifungua, timu ilikuwa imeshuka daraja na kulazimika kutambaa hadi iliporudi ligi kuu 2009. Tumebeba makombe ya mtoano hapo katikati, kama lile la GOtv Shield 2017, na kila mara tukasema "tumerudi." Tulirudi wapi? Sherehe iliisha, hesabu ikabaki vile vile.

Kwa hivyo sitaki tudai mizani kwa sababu tunafungwa. Tuidai hata tukiwa juu ya jedwali. Hasa tukiwa juu ya jedwali. Anko hapimi nyama siku biashara ni mbaya pekee. Anapima Krismasi, foleni ikiwa imefika barabarani, na watu wanapiga kelele aharakishe.

Wiki iliyopita nilimsomea mzee hii posti kabla ya kuiweka. Alisikiliza hadi mwisho, miguu kwenye beseni la maji moto, hajasema kitu. Nikamuuliza, "Mzee, unaonaje?"

Akaniuliza, "Huo uanachama unalipiwa wapi?"

Nikamwambia nitauliza. Miaka yote hiyo, mzee wangu hakuwa mwanachama. Alikuwa anapenda tu.

Tunaenda kulipia wawili, na karatasi ya kwanza ya hesabu ikitoka nitaisoma hapa kwa sauti, mstari kwa mstari, iwe nzuri au mbaya. Wewe je? Uko na kadi, ama uko na mdomo tu? Niandikie hapo chini. Na mashabiki wa Gor, mnakaribishwa, lakini leteni daftari lenu pia.